Watoto wa miaka 11 na 14 wanachati kila siku: nianzie wapi kuwalinda?

MamaMakorora

Asalaam aleykum, na shikamooni kwa wanaostahili. Naomba msaada wa wanaolijua jambo hili kwa undani.

Mwanangu mkubwa ana miaka 14, kidato cha pili, ana simu ya Tecno aliyopewa na mjomba wake ikiwa na laini ndani. Yuko WhatsApp na TikTok, na yumo kwenye magrupu matatu: la darasa, la twisheni na la madrasa. Mdogo ana miaka 11, hana simu. Jioni huchukua yangu akacheza Free Fire. Shuleni simu haziruhusiwi, kwa hiyo kuchati kote kunafanyika nyumbani, baina ya Magharibi na kulala, na likizo ya Juni na ya Desemba ni kutwa nzima.

Nataka kujua: setingi zipi nibadilishe leo hii na kwa nini, je, niwe nasoma meseji za huyu mkubwa bila yeye kujua, na dalili gani zinaonyesha kwamba anayechati naye si mtu mwema, na hapo niende wapi hapa Tanga. Kumnyang'anya simu nimefikiria, lakini kazi za twisheni zinatumwa humohumo.

---

FundiSimu_Barabara12

Wa aleykum salaam mama. Anza na laini kabla hujagusa setingi yoyote. Namba ya uthibitisho ya WhatsApp inatumwa kwenye laini, na laini ikipotea anayeweza kuirudisha ni yule aliyeisajili kwa kitambulisho chake cha NIDA. Kwa sasa huyo ni mjomba au hata mtu mwingine tusiyemjua, kama simu ilinunuliwa mkononi. Piga *106# kwenye simu yako uangalie namba zilizosajiliwa kwa jina lako. Ya mtoto haitakuwemo. Nenda na mjomba duka la mtandao wake mbadilishe umiliki. Ikishindikana, nunua laini mpya kwa jina lako, kisha ndani ya WhatsApp tumia sehemu ya kubadilisha namba. Magrupu yake na meseji zake zitabaki.

Pili, weka uthibitisho wa hatua mbili. Iko kwenye Mipangilio, upande wa Akaunti. Ni namba ya siri ya tarakimu 6. Iweke wewe pamoja na mtoto, na barua pepe iandikwe ya kwako. Wengi huiruka hiyo barua pepe, halafu namba ya siri ikisahaulika wanangoja siku 7 ndipo waweze kuingia tena.

Tatu, Faragha. Picha ya wasifu, mara ya mwisho kuonekana, 'kuhusu' na status, zote ziwe kwa watu waliomo kwenye kitabu chake cha majina tu. Magrupu vilevile: mtu asiyekuwemo kwenye majina yake asiweze kumwingiza grupu moja kwa moja. Akijaribu, simu humwambia atume mwaliko, na mwaliko huo hufa baada ya siku 3. Kwenye simu za sauti washa kunyamazisha wapigaji wasiojulikana. Haitalia, lakini utaiona kwenye orodha.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo setingi zote hizi huanguka. 'Majina yangu' kwa WhatsApp maana yake ni namba yoyote iliyohifadhiwa kwenye simu. Ndiyo sababu mtu wa kwenye gemu humwambia mtoto 'nisevu basi'. Akishamsevu tu, yule mtu anaona picha yake, anaona status zake, na anaweza kumtia kwenye grupu lolote. Mtoto hajui kwamba kusevu ni kufungua mlango. Kwa hiyo kazi yenu ya kila wiki ni kukaa chini mpitie kitabu cha majina, moja moja: huyu nani, mmejuana wapi. 'Best', 'Pro wa FF', 'Kaka Diamonds', majina ya namna hiyo yaulizwe. Asiyeelezeka afutwe.

Mkiwa hapohapo fungueni orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Akaunti moja inaweza kuunganishwa na vifaa vingine hadi 4, na mtu aliyeishika simu ya mtoto kwa dakika moja tu anaweza kuskani akawa anasoma kila kitu kwenye kompyuta yake. Msichokitambua, kitoeni.

Kama ana GB WhatsApp au toleo lolote lisilotoka Play Store, liondoke leo. Halitoki kwa wenye WhatsApp, na akaunti inaweza kufungiwa. Ila kubwa zaidi ni kwamba matoleo hayo huweza kuhifadhi picha za 'kutazama mara moja' na kusoma meseji zilizofutwa. Mtoto anayeamini kwamba picha yake itatazamwa mara moja ikapotea, hajui mwenzake anatumia toleo gani. Hata WhatsApp ya kawaida inayozuia skrinishoti haiwezi kuizuia simu ya pili iliyoshikwa juu ya kioo.

TikTok: usianze na setingi, anza na mwaka wa kuzaliwa. Fungua taarifa za akaunti uone aliandika mwaka gani. Akaunti ya chini ya miaka 16 haina meseji za faragha kabisa, na ya miaka 13 hadi 15 inakuwa ya faragha tangu inapofunguliwa. Lakini akiandika kazaliwa 1999, kinga zote hizo hazipo, kwa sababu TikTok inamhesabu mtu mzima. Njia rahisi ni kuifuta akaunti hiyo (itakaa siku 30 ndipo ifutike kabisa) na kufungua nyingine kwa umri wa kweli, halafu muunganishe na simu yako kwa ile huduma ya familia ya kuskani alama ya QR. Huyu wa miaka 11 asiwe na akaunti. TikTok na WhatsApp zote mbili zinaanzia 13.

Simu yako anayochezea mdogo: kwenye setingi za Android upande wa usalama kuna kubandika programu. Ukiibandika Free Fire, hawezi kutoka kwenda kwenye meseji zako wala za pesa mpaka uandike PIN. Hakikisha umeweka tiki kwenye 'uliza PIN kabla ya kubandua', la sivyo anatoka kwa vidole viwili tu. Ndani ya gemu zima maiki na spika ya timu. Hapo ndipo wageni huzungumza na watoto kwa sauti, na sauti haiachi maandishi ya wewe kuyasoma kesho. Almasi za Free Fire, yaani pesa za ndani ya gemu, huwekwa kwa namba ya mchezaji peke yake. Anayetaka nywila 'akuwekee almasi', au namba ya WhatsApp, hana haja nayo kwa kazi hiyo. Mfundishe mtoto sentensi hiyohiyo.

Google Family Link ni bure na inafaa kwa simu ya mkubwa: unaidhinisha programu kabla hajapakua, unaweka saa ya kulala, unaona simu iliko. Lakini haionyeshi meseji, na amri mpya haifiki bando likiwa limekwisha. Wengine hufunga Play Store kwa PIN wakadhani wamemaliza. Ile haigusi programu zilizokwisha kuwemo, wala zinazorushwa kwa Xender (programu ya kurushiana mafaili) kutoka simu ya rafiki. Zima ruhusa ya kusakinisha programu zisizojulikana, hasa ile ya Xender na ya kivinjari.

---

Mwl_Pongwe

Fundi kasema vizuri. Mimi nitagusa magrupu ya darasa, kwa sababu hapo mzazi mmoja hawezi kitu bila wenzake.

Kila aliyemo kwenye grupu anaona namba za wote. Grupu la kidato kimoja lina namba 80, 100, nyingine za wazazi, nyingine za wanafunzi wenyewe. Mtu mmoja akiingia kwa kiungo kilichobandikwa mahali, amezibeba zote siku hiyohiyo, na hata ukimtoa jioni namba anazo. Halafu anapomwandikia mtoto anaanza na 'mimi niko kwenye grupu lenu la hesabu', na mtoto anaamini.

Basi admini afanye haya. Aweke upya kiungo cha mwaliko, cha zamani kife. Awashe idhini ya wanaojiunga, ili kila anayegonga kiungo asubiri kukubaliwa. Katika kukubali, jina lisilo kamili halipiti: jina la mtoto, mkondo, na mzazi ni nani. Admini wawe wawili watu wazima, mmoja mwalimu na mmoja mzazi, asiwepo mwanafunzi. La twisheni na la madrasa liwe la kutuma kazi tu, maana yake wanaoandika ni admini peke yao, na lisiwe la kupiga soga. Kila muhula unapoanza mpitie namba. Mwalimu wa twisheni aliyeacha kazi mwaka juzi huwa bado yumo.

Na jambo moja naomba wazazi mlishike: mwalimu, ustadhi au kocha hana sababu ya kuchati na mwanafunzi faraghani usiku. Kazi ipelekwe kwenye grupu, na la mtoto mmoja lipitie kwa mzazi. Hili liandikwe kwenye maelezo ya grupu lisomwe na kila anayeingia. Mwalimu mwema litamlinda na yeye.

Kuhusu picha: sare ya shule yenye nembo, kibao cha mtaa nyuma, na daladala ya njia yenu, hivyo vitatu pamoja vinatosha kumpata mtoto. WhatsApp huondoa alama ya mahali kwenye picha inayotumwa kama picha, lakini ikitumwa kama dokumenti, alama ya mahali hubaki ndani yake kama kamera iliiweka. Zima mahali kwenye kamera yenyewe.

---

Ustawi_TGA

Nashukuru kwa majibu ya juu. Nichukue upande wa dalili na wa kusoma meseji.

Anayemwinda mtoto haanzi na neno chafu. Huanza na kitu ambacho mtoto anakitaka: almasi, bando, sifa, majaribio ya mpira ('nina jamaa kwenye timu ya vijana, tukutane uwanja wa Mkwakwani'), kupigwa picha za tangazo. Kisha huja maswali, na matatu kati yake yana uzito kuliko mengine yote: *hiyo simu ni ya nani? uko na nani hapo? mama anarudi saa ngapi?* Rafiki wa rika lake haulizi saa ya mama kurudi. Mtoto akijua maswali hayo matatu kwa moyo, ana kengele mfukoni.

Baada ya maswali huja kuhama. Kutoka kwenye gemu kwenda WhatsApp, kutoka kwenye grupu kwenda faragha, kutoka WhatsApp kwenda Telegram au kwenye meseji zinazojifuta. Zingatieni hatua hii kuliko zote. Mahali pa wazi kuna macho, na yeye anatafuta mahali pasipo na macho. Meseji za kujifuta zikiwashwa, WhatsApp huandika mstari katikati ya mazungumzo kwamba zimewashwa, za saa 24, siku 7 au siku 90, na nani kaziwasha. Ukiuona mstari huo kwenye mazungumzo ya mtoto na mtu mzima, uliza siku hiyohiyo. Ukihama kuna siri ('hawatatuelewa'), ukifika kwenye siri kuna picha, kwanza ya uso, halafu ya sare, halafu nyingine. Picha ikishatoka, maneno matamu hugeuka vitisho. Yote hayo yanaweza kuchukua miezi, yanaweza kwisha usiku mmoja.

Kwa mtoto mwenyewe: analaza simu kifudifudi ukipita, anashtuka meseji ikiingia, anaamka usiku, na ana bando ambalo hukumnunulia. La bando lina ushahidi. Meseji ya mtandao ya kumjulisha mara nyingi huwa na namba ya aliyemnunulia.

Naomba tusifundishe watoto 'usichati na usiyemjua' tukaishia hapo. Utafiti wa Disrupting Harm uliofanywa na UNICEF, ECPAT (mtandao wa kupinga unyonyaji wa watoto kingono) na INTERPOL, ambao ripoti yake ya Tanzania ilitoka mwaka 2022, ulikuta kwamba watoto 4 katika kila 100 wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti walikuwa wamefanyiwa ukatili mkubwa wa kingono wa mtandaoni katika mwaka mmoja, na mara nyingi mtendaji alikuwa mtu ambaye mtoto anamjua. Jirani, ndugu, mpenzi, mwalimu wa ziada. Ukimwambia mtoto ajihadhari na mgeni, hawa wote anawatoa kwenye hesabu. Mfundishe kitendo, si mtu: yeyote, hata mjomba, akisema hili mama asijue, linaletwa kwa mama. Siri ya zawadi ya Idi ina siku yake ya mwisho. Siri isiyokuwa na siku ya mwisho hatunzi mtoto.

Kusoma meseji kwa siri, hapana. Kwa wa miaka 11 hakuna cha siri kwa sababu simu ni yako, anachezea sebuleni na yeye anajua unaona. Kwa wa miaka 14, mwambie mapema kwamba kila Ijumaa jioni mnapitia pamoja majina, magrupu na vifaa vilivyounganishwa, kama fundi alivyoeleza. Maneno yake na rafiki zake muachie, isipokuwa umeona dalili, na hapo mnafungua pamoja. Ukisoma kwa kujificha utagundulika, na akigundua atafungua akaunti ya pili kwenye simu ya rafiki. Hapo umepoteza kitu kikubwa kuliko meseji: umepoteza mtu pekee ambaye angekuja kukwambia.

Na mpe ahadi, kwa kauli yako, kabla halijatokea lolote: 'ukija kuniambia, sitakupiga wala sitachukua simu.' Kisha uitimize. Mtu anayemtisha mtoto kwa picha hutumia tishio moja, 'nitampelekea mama yako'. Mama akiwa amekwishajua, yule hana tena cha kushika.

---

Baba_Mikanjuni

Naongeza swali. Likishatokea, mzazi afanye nini saa ile ile? Na je, si vizuri kupiga skrinishoti ya kila kitu pamoja na namba ya mtu huyo, nikairusha kwenye magrupu ya mtaa watu wamjue?

---

Ustawi_TGA

Kaka, hasira yako naielewa, lakini usirushe. Nieleze kwa mpangilio.

Kwanza mtoto. Mwambie kosa si lake, hata kama picha aliituma mwenyewe, na usimwache peke yake usiku huo. Vitisho hivi humjaza mtoto hofu ya kufikia kujidhuru.

Usilipe. Aliyelipwa 20,000 leo anajua kuna nyingine kesho.

Ushahidi: piga skrinishoti za maneno, zikionyesha namba, tarehe na saa. Kwenye TikTok na Telegram chukua lile jina lenye alama ya @ mbele, maana jina la juu hubadilishwa wakati wowote. Kwenye WhatsApp kuna kuhamisha mazungumzo kuwa faili. Chagua bila media. Usizipige skrinishoti picha za utupu za mtoto, usizinakili, usimtumie ndugu, wala usimtumie askari kwa WhatsApp. Peleka simu yenyewe kama ilivyo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 13, inaadhibu kusambaza picha za ngono za mtoto kwa faini isiyopungua shilingi milioni 50 au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Mtoto hapa ni yeyote wa chini ya miaka 18, na mzazi anayesambaza 'ili watu wajue' naye anasambaza.

Ndipo uripoti ndani ya programu na kumblok. WhatsApp ukiripoti hupelekewa meseji 5 za mwisho za mtu huyo, naye hajulishwi. Angalia sana kisanduku kinachotaka kufuta mazungumzo pamoja na kumblok. Ondoa tiki. Watu wamepoteza kesi nzima kwa kisanduku hicho.

Halafu piga 116, simu ya huduma kwa mtoto. Ni bure, mchana na usiku, na hata mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Kituo cha polisi uliza Dawati la Jinsia na Watoto. Kwa mjini nenda Chumbageni. Usitoke bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako iliyoandikwa kituoni. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri au wa kata yako aambiwe pia, kwa ajili ya mtoto kupata ushauri.

Kama wamekwishakutana ana kwa ana na mtoto ameguswa, mpangilio unabadilika: hospitali na polisi siku ileile. Asioge, nguo zifungwe kwenye karatasi au khanga, si mfuko wa nailoni kwa sababu unyevu huharibu ushahidi. Dawa ya kuzuia VVU lazima ianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Hospitali ya Bombo wanalijua hili, ukifika sema mapema lililotokea.

Kama kuna picha inayotishiwa kusambazwa, ipo huduma ya bure ya mtandaoni inaitwa Take It Down, ya kituo cha watoto cha Marekani, NCMEC, na inatumika kutoka nchi yoyote. Mtoto au mzazi anachagua picha kwenye simu yake, mfumo unatengeneza alama ya kidijitali ya picha hiyo, na ni alama tu inayopelekwa. Picha haitoki kwenye simu. Facebook, Instagram, TikTok na Snapchat zimo kati ya zinazotumia alama hizo kuizuia. Haifiki kwenye mazungumzo ya WhatsApp kwa kuwa yamefungwa, hilo lieleweke.

Sasa namba kwenye magrupu. Ukiirusha saa 2 usiku, saa 3 laini imetupwa na polisi hawana pa kuanzia. Jina la mtoto nalo litafuata namba ile, Tanga si mji wa kuficha jambo, na Jumatatu analisikia darasani.

---

FundiSimu_Barabara12

Nyongeza kwa Baba Mikanjuni. Ukitaka kujua namba imesajiliwa kwa nani, mfumo wa kutuma pesa huonyesha jina kabla hujathibitisha. Liandike jina, kisha ughairi, usiweke PIN. Lakini hilo ni jina la aliyesajili laini, na laini nyingi zinazotumika kwa uovu zimesajiliwa kwa bibi wa watu asiyejua lolote. Likabidhi polisi, usiende kugonga mlango wa mtu. Meseji za 'tuma kwa namba hii' na utapeli wa namna hiyo zinapelekwa 15040, lakini la mtoto lisiishie hapo.

---

MamaMakorora

Nimeelewa, ahsanteni sana, Mwenyezi Mungu awalipe. Limebaki moja. Tuna ndugu Mombasa na wengine Muscat, kila Idi zinaingia namba mpya zinazoanza na +254 na +968 zikimsalimia mtoto, 'mimi shangazi yako'. Nikisema ablok kila namba ya nje nitawaudhi watu. Nafanyaje?

---

FundiSimu_Barabara12

Usiseme ablok namba za nje, kwetu sisi wa pwani haitekelezeki, na mwovu naye anaweza kuwa na +255. Kanuni iwe ya nani anasevu. Namba yoyote mpya ya ndugu haisevu mtoto, unaisevu wewe kwanza. Mtoto hajibu hata salamu, anakuletea. Wewe unampigia huyo shangazi kwenye namba yake ya zamani uliyonayo tangu siku zote, au unamuuliza mkubwa mwingine wa ukoo, 'kabadilisha laini?' Usimpigie kwenye namba mpya ukamuuliza kama ni yeye, maana atakujibu ndiyo. Picha ya wasifu isikupe imani, ya shangazi iko Facebook na yeyote anaweza kuichukua. Akithibitika ndipo unaisevu kwenye simu ya mtoto kwa mkono wako, kwa mtindo mmoja kwa wote: 'Shangazi Mombasa – mama'. Ijumaa mkipitia majina, jina la ndugu lisilo na neno 'mama' mwishoni ndilo la kuanza nalo.

---

Mwl_Pongwe

Na mwambie pia admini wa grupu la ukoo aweke upya kiungo. Magrupu ya ukoo ndiyo yenye viungo vya miaka mitano iliyopita.